Hereni ya Kijani

Mama yangu hakumfuga. Hilo alilisema tangu mwanzo:
"Huyu si wangu, ni wa mtaa."
Na kweli, manispaa ya Kutaisi ndiyo iliyomchanja,
ikamtoboa sikio, ikamvisha hereni ya plastiki, ya kijani,
yenye namba ambayo mama, mhasibu mstaafu
wa kiwanda cha malori kilichobaki kuta,
aliishika kichwani siku ile ile.
Mbwa koko, manyoya kama zulia
lililoanikwa likasahauliwa mvuani,
mguu mmoja wa nyuma akiuburura kidogo.
Majirani walimwita Bombora.
Mama alimwita "wewe."

"Wewe, sogea." "Wewe, hapa si kwenu."
Kisha Jumapili moja, kwenye simu, nikasikia:
"Wewe, umekula?"
Nikadhani naulizwa mimi.
Nimekula, mama, nikajibu.
Kimya kidogo. Akasema: vizuri.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Thesaloniki.
Namwogesha Kiria Evanthia, miaka tisini na mmoja,
namkata kucha, namgeuza ubavu usiku asichubuke,
namwekea redio karibu na sikio linalosikia.
Nusu ya mshahara naituma nyumbani,
ya dawa za presha na kuni za majira ya baridi,
na najua, ingawa hasemi,
sehemu yake huishia buchani
kwenye shingo za kuku.

Ghorofa ya tatu; lifti ilikufa zamani.
Asubuhi hushuka pamoja, goti bovu na mguu mbovu,
wakipumzika kila ngazi zinapokata kona,
anayetangulia akimngoja mwenzake
bila kujifanya anangoja.
Kwa Zauri, aliyeinamia tanuri hadi kiunoni,
wananunua mkate mrefu wenye ncha mbili.
Ncha moja ni ya Bombora.
Hilo halijadiliwi.

Kuanguka kwake sikuambiwa na yeye.
Zauri ndiye aliyenipigia, siku ya nne,
sauti yake imejaa unga na aibu.
Februari, barafu juu ya vidato vya duka lililofungwa,
saa ambayo hata paka hawajatoka.
Mbwa hakubweka. Hilo ndilo linalonirudia.
Alikwenda akalala katikati ya barabara
mbele ya gari la maziwa.
Dereva akapiga honi, akamtukana ukoo mzima,
akashuka ampige teke,
ndipo akaona, nyuma ya mapipa ya taka,
kiatu cha mama, na mguu ndani yake.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe
ila mzaliwa nawe.
Nilikuwa nampangusa mama wa watu supu kidevuni
nilipolikumbuka neno hilo.
Mimi, mzaliwa wake, nina kijiko mkononi
na nchi nzima katikati yetu.
Mla naye alilala kwenye lami.
Sikuwa na la kuwajibu wahenga.
Nikachota kijiko kingine.

Tangu hapo analala ndani.
"Kwa muda tu," asema mama, "mpaka goti lipone."
Goti la nani, hasemi.
Jumapili namwomba aiweke simu sakafuni.
Kioo kinajaa pua, halafu ukungu.
Sioni kitu. Nasikia pumzi,
na mbali nyuma yake kifuniko cha sufuria,
na mama akinung'unika kwamba nawapotezea muda.

Kiria Evanthia huniita Sotiria,
bintiye aliye Melbani.
Mwanzoni nilikuwa namsahihisha.
Siku hizi naitika.

Na juzi mama, akiitafuta miwani yake
iliyokuwa kichwani pake,
alimwita mbwa: "Makvala!
Makvala, njoo hapa."
Hakujua kama amekosea.
Simu ilikuwa bado wazi.
Nikamwona Bombora anainua kichwa, hereni inacheza,
anajikokota kumwendea.
Nami huku
nilikuwa nimekwisha kusimama.